Hita ya Chumba cha Juu

Kila mwaka, siku ya kwanza tunapowasha hita baada ya miezi ya joto, nyumba yangu hunuka vumbi linaloungua. Ni harufu ya muda mfupi, kisha inapotea mpaka mwaka mwingine. Mume wangu huipenda. Husema inamkumbusha chai ya maziwa na mvua ya dirishani. Mimi huchukua koti nikatoka, nikasimama nje ya mlango mpaka iishe, na kwa muda mrefu watoto wangu waliamini kwamba mama yao ana pumu.

Sina pumu. Nilikuwa na mjomba.

Mliokuja Uingereza miaka ile mkiwa wadogo kama mimi mtakumbuka tulivyofika. Juu tulivaa sweta zilizofumwa na shangazi ambao baridi waliyoijua ni ile ya alfajiri ya mwezi wa saba, na chini tukavaa makubadhi. Sisi ni Wahindi wa Mombasa, Wakachi, lakini nyumbani kwetu Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kugombana, ya kutaniana na ya kubembelezea watoto. Wakubwa waliamua mama atangulie Uingereza na mimi na mdogo wangu Shabir, aliyekuwa bado wa kubebwa, na baba abaki amalizie mambo ya duka kisha afuate. Kabla hajafuata, Waingereza wakaubana mlango. Baba akabaki Mombasa, kwenye foleni ndefu ya wanaongoja kibali, na sisi tukabaki Hayes, pembeni mwa London, nyumbani kwa Mjomba Habib.

Mjomba Habib alikuwa mdogo wake mama. Bibi yetu alikufa yeye akiwa anatambaa, na mama, ambaye mwenyewe alikuwa bado msichana wa shule, akaacha shule akamlea. Mama alipenda kutusimulia habari hizo. Alikuwa akitueleza jinsi Habib alivyoshikwa na malaria kila msimu wa mvua, akitetemeka mpaka kitanda kikalia, na jinsi yeye alivyokuwa akimfunika kwa kila nguo iliyokuwamo ndani ya nyumba, na zikiisha nguo akamlalia juu yeye mwenyewe mpaka baridi imtoke. Alizisimulia akicheka. Kwenye ndege, njia nzima, alikuwa akiniambia, "Kwa Habib tutakaa kama kwetu."

Na kweli tulipokelewa vizuri. Mjomba alitukumbatia mlangoni, akamwambia mama, "Dada, hapa ni kwako." Mkewe, Anti Nargis, alikuwa amepika biriani. Hakuwa mwanamke mkali, alizungumza kwa sauti ya chini na alipenda vitu viwe safi. Nyumba ilikuwa na zulia jekundu kutoka mlango wa mbele mpaka ukumbini, nami nilikuwa sijapata kukanyaga kitu laini kama kile. Sisi tulipewa chumba cha juu, cha nyuma, chenye kitanda kimoja kikubwa na dirisha linalotazama bustani ya jirani. Chini ya dirisha, ukutani, palikuwa na kitu cha chuma chenye mbavu nyingi, kimepakwa rangi nyeupe. Nilimuuliza Mjomba ni nini. Akaniambia ni hita, maji ya moto hupita ndani yake yakatia chumba joto.

Baridi ilipoanza ile hita ilikaa vilevile, baridi kama bomba la maji la asubuhi. Mama alingoja kidogo, kisha akamuuliza mdogo wake. Nilikuwapo. Tulikuwa jikoni, Mjomba akinywa chai kabla ya kwenda kazini uwanja wa ndege.

"Paipu za huko juu zimeoza, dada," alisema. "Fundi amekuja, ameangalia, amesema mpaka kiangazi. Hizi za chini ziko mbali nazo, ndiyo maana zinafanya kazi." Kisha akachuchumaa mbele yangu, akanifunga kamba ya kiatu. "Hita yenu ni mgonjwa, Munira. Mwache apumzike."

Mtu mzima angesikia mzaha. Mimi nilisikia habari za mgonjwa. Nilipanda juu nikakaa karibu naye. Nilimshika zile mbavu moja baada ya nyingine, nikamfunika leso ya mama, nikamsomea dua zote nilizozijua, hata ile ya kuingilia chooni maana nilizijua chache. Usiku nikimgusa na kumkuta baridi nilimhurumia. Nilifikiri kama vile Shabir anavyopona mafua, naye siku moja ataamka na joto.

Mama hakuwa na muda wa dua za hita. Alikuwa na chumba cha kutia joto bila moto. Aliokota magazeti ya Mjomba akayatandika chini ya godoro na mengine akayabandika kwenye nyufa za dirisha kwa gundi ya unga. Alitundika leso mbili juu ya pazia. Alichemsha maji jikoni wakati Anti Nargis anaruhusu, akayatia kwenye chupa za soda, akazivika soksi za baba na kutuwekea miguuni. Alitulaza mmoja huku na mmoja huku, yeye katikati, wote tumevaa makoti. Asubuhi kioo kilikuwa kimelowa ndani, maji yakichirizika mpaka kwenye mbao, na kwenye kona ya ukuta kukaanza kuota kitu cheusi kilichonuka kama nguo iliyosahauliwa ndani ya beseni. Mama alikipangusa kwa siki, kikarudi. Aliomba anunue hita ndogo ya mafuta ya taa, kama walizokuwa nazo watu wengi. Mjomba alikataa kwa upole sana. Alisema hizo ndizo zinazounguza nyumba za watu, na wewe una watoto, dada.

Chini kulikuwa na joto. Tulilisikia kila tukishuka kula, likitupokea kwenye ngazi ya mwisho kama pumzi ya mtu. Hita za huko zilikuwa nzima, Mjomba alishatuambia. Tukimaliza kula Anti Nargis alisema, "Haya, mpande sasa, mtoto asije akatapika kwenye zulia," nasi tukapanda. Mama hakuwahi kubisha. Mpaka leo watu wakisikia kisa hiki huuliza vipi hakushtuka, nyumba moja, chini moto, juu barafu. Mimi nawajibu kwamba hakumtazama Habib kama mwenye nyumba. Alimtazama kama mtoto aliyemlea, na hakuona sababu ya kwenda kukagua maneno yake.

Shabir alianza kukohoa. Kikohozi kilikuwa kikavu, kisha kikawa na sauti kama ya mbwa, kisha alasiri moja akawa anavuta pumzi na kifua kinaingia ndani, midomo imekuwa rangi ya zambarau. Mama alimfunga ndani ya koti lake, akatoka naye mbio mpaka barabarani bila kitu kichwani. Mwanamke Mzungu wa nyumba ya tatu akatupakia kwenye gari lake mpaka hospitali.

Walimlaza ndani ya hema la plastiki lenye mvuke. Wodi ilikuwa na joto la kustarehesha, na nasema hivi kwa sababu ndivyo nilivyohisi: nilivua sweta, nikakaa kwenye kiti, nikaona raha. Mama alitia mkono chini ya hema akawa anambembeleza Shabir kwa sauti ndogo, maneno ya kujitungia tu, lala mwanangu, baba yuaja. Kwenye kitanda cha pili alikuwapo mwanamke wa makamo, amevaa buibui juu ya koti la Kizungu, akimlisha mtoto uji. Kijiko kikasimama hewani.

"Nani anabembeleza mtoto kwa Kiswahili hapa?" aliuliza.

Mama aligeuka kama aliyeitwa jina lake.

Ndivyo tulivyomjua Bi Zuwena. Alikuwa Mzanzibari, mjane. Mumewe alikuwa baharia na alikuwa amemleta London kabla ya misukosuko ya kwao. Yule mtoto alikuwa mjukuu wake, wa binti yake aliyekaa karibu na hospitali, na yeye alitoka Tottenham, upande wa pili wa London, kila siku kuja kumwangalia. Alimpa mama mkono wa salamu, kisha hakuuachia.

"Mikono yako imeganda. Unakaa wapi wewe?"

"Kwa ndugu yangu, hapa Hayes. Hita ya juu imeharibika."

"Tangu lini?"

"Tangu tulipokuja."

Bi Zuwena alitazama lile hema, akamtazama mama. Alimweleza anakokaa, jina la jengo, ghorofa na rangi ya mlango, akamfanya mama ayarudie mpaka yakakaa kichwani. "Siku yoyote," alisema. "Wala usingoje nikualike tena."

Shabir aliporuhusiwa tulirudi kwenye chumba chetu, na baada ya muda akaja nesi wa kutembelea majumbani, mwanamke mrefu mwenye koti la mvua na harufu ya pipi za mnanaa. Mjomba na Anti walikuwa kazini. Kiingereza cha mama kilikuwa cha dukani, cha yadi na rangi za vitambaa, kwa hiyo mimi ndiye niliyetafsiri. Nesi alimpima Shabir kifua. Alitazama ile kona nyeusi ya ukuta, akapitisha kidole kwenye kioo kilicholowa. Nikaona ndiyo nafasi. Daktari hutujia mara ngapi? Nikamwambia kwamba hata hita yetu ni mgonjwa, amekuwa mgonjwa tangu tufike, kama anaweza amwangalie na yeye.

Alicheka, lakini akapiga magoti. Aliondoa leso niliyomfunika. Alishika mbavu, akainama akatazama koki iliyo chini, kisha akaacha kucheka. Aliniuliza kishikio chake kiko wapi. Sikujua kwamba hita yetu iliwahi kuwa na kishikio. Akatoka, akagusa ile ya kwenye ujia wa juu, nayo baridi, nayo haina kishikio. Akashuka ngazi. Niliposikia anapanda tena alikuwa akitembea haraka, na aliniuliza kama ndani ya nyumba kuna koleo.

Vifaa vya Mjomba vilikaa kwenye droo ya jikoni, chini ya vijiko vikubwa. Nikakimbia. Kwenye droo, nyuma ya bisibisi, palikuwa na leso ya mfukoni imefungwa fundo, na fundo lilipofunguka mkononi mwangu vikatoka vishikio viwili vyeupe, vya mviringo, sawasawa na vile vya hita za chini. Sikuhitaji koleo tena. Nilipanda navyo ngazi nikiruka mbili mbili.

Nesi alichomeka kimoja, akakizungusha. Kwanza hapakuwa na kitu. Kisha ndani ya ukuta kikaanza kishindo, ko, ko, ko, kama mtu anayegonga aingizwe, kisha sauti ya maji, na zile mbavu zikaanza kupata joto kutoka chini kwenda juu. Vumbi lililokaa juu yake likaungua, na chumba kikajaa ile harufu. Nesi alinigeukia akanena polepole ili nisikosee. Nami nikamtafsiria mama, na sauti yangu, nakumbuka, ilikuwa ya mtu anayeleta habari za harusi.

"Mama, hakuwa mgonjwa. Hakuwa mgonjwa hata siku moja. Alifungwa tu. Mtu amemfunga, na vishikio vilikuwa jikoni kwenye droo ya Mjomba."

Mama alikuwa amesimama na Shabir begani. "Muulize kama ana hakika."

"Ana hakika."

"Muulize zile paipu. Zimeoza?"

Nesi aliinama tena, akapitisha mkono kwenye paipu mpaka zinapoingia ukutani. Akatikisa kichwa. Paipu ni nzima kabisa.

"Mwambie ahsante," mama akasema.

Nesi hakuondoka mara moja. Alisimama mlangoni na mkoba wake, akanitazama mimi, akamtazama mama, kisha akamshika mama mkono kwa mikono yake miwili, na akatoka. Mimi nilikuwa nimekumbatia hita. Nilimwegemeza shavu mpaka likaniuma, nikageuza la pili. Nilivua koti, nikavua sweta ya juu na ya chini, nikavua soksi. Mama alikaa ukingoni mwa kitanda na koti lake limefungwa vifungo vyote mpaka shingoni.

"Vua koti, mama. Kuna joto sasa."

"Mimi silisikii," alisema.

Jioni tulishuka kula kama kawaida. Mama aliketi, akavitoa vishikio mfukoni, akaviweka mezani kati ya wali na mchuzi. Mjomba aliviona, akaendelea kukata limau. Alikata limau zima vipande vidogo vidogo.

"Dada, ungeniuliza," alisema mwishowe.

"Nilikuuliza. Ukaniambia paipu zimeoza."

Anti Nargis ndiye aliyejibu. Alisema hapa si Mombasa, hapa hata joto linalipiwa, na wao hawakujua watakaa na sisi muda gani. Alisema maneno hayo akimtazama mumewe, kama mtu anayemkumbusha mwenzake sehemu yake.

"Ungenambia, Habib, kwamba joto ni ghali, ningelala jikoni na wanangu," mama alisema. "Ungenambia niondoke, ningeondoka."

"Nitakwambiaje uondoke?" Mjomba aliuliza, na macho yake yalikuwa na machozi, hilo nililiona mwenyewe. "Wewe ni dada yangu. Watu wangesema nini?"

Mimi sikuelewa. Nilichokijua ni kwamba hita imepona na wakubwa wamenuna. Ilinichukua muda mrefu, nadhani mpaka nilipokuwa na nyumba yangu na wageni wangu wa kunichosha, kuyaona yale maneno yalivyokuwa. Hakuweza kumfukuza dada yake kwa mdomo, basi akaiachia baridi imfukuze. Angeondoka mwenyewe, amechoka, akishukuru. Na mdogo wangu alikuwa chumbani humo.

Kesho yake mama alifunga mizigo. Mjomba alisimama kwenye zulia jekundu akasema tusiondoke hivi. Mama alimpita. Tulipanda mabasi, tukapanda treni ya chini ya ardhi, tukatokea Tottenham kwenye mvua nyembamba, na mama akawa anayasoma kwa mdomo, kama aya, jina la jengo na ghorofa na rangi ya mlango.

Fleti ya Bi Zuwena ilikuwa na vyumba vitatu, na wakati wa baridi aliishi kwenye kimoja. Aliyajua mambo ya baridi kwa sababu ilishamtesa, na alimwonesha mama kama anavyomwonesha mtu njia ya sokoni. Vyumba visivyotumika vilifungwa, na chini ya kila mlango ukalazwa mfuko mrefu wa nguo ulioshindiliwa matambara, ambao sisi watoto tuliuita chatu. Mapazia yalifunguliwa upande wa jua kukiwa na jua, na yakafungwa kabla giza halijaingia. Chini ya zulia kulikuwa na magazeti, nyuma ya hita karatasi ya fedha iliyotoka kwenye vifungashio vya vyakula. Asubuhi alifungua dirisha wazi kwa muda mfupi, hata kukiwa na barafu, ili ule unyevu wa pumzi zetu utoke, kwa kuwa chumba kikavu hupata joto upesi. Mkate ukitoka kwenye oveni, mlango wa oveni uliachwa wazi, na sisi tukakaa mbele yake kama paka. Jioni iliwashwa hita moja ya mafuta ya taa, birika juu yake, na dirisha limeachwa na upenyo wa kidole. Mama naye alitafuta makoti ya zamani kwenye maduka ya mitumba, akayakata, akashona mfarishi mkubwa uliotutosha sote watatu. Ulikuwa mzito kiasi kwamba kugeuka kulihitaji mashauriano.

Shabir hakurudi tena hospitali. Mimi nilikuwa na joto. Ila nilibakiwa na tabia ya kushika vitu: nikiingia mahali popote, darasani, kwa daktari, kwa rafiki, niligusa kwanza hita, kisha nikatafuta kishikio chake kwa macho. Na mtu akiniambia jambo kwa upole sana, nilimchunguza.

Mjomba hatukumwona tena mpaka zilipokuja habari kwamba baba amepata kibali. Alitokea alasiri moja, peke yake, amebeba boksi lenye hita mpya ya umeme. Nilidhani mama hatamfungulia. Alimfungulia. Alimkalisha kwenye kiti kilicho karibu na moto, kile cha Bi Zuwena, akampa chai, akamwekea na mkate. Mimi nilikuwa mezani na kazi za shule, na kalamu yangu ilisimama hapo hapo.

Walizungumza habari za Mombasa, nani kafa, nani kaenda Kanada. Kisha Mjomba akakiweka kikombe chini.

"Dada, shemeji anakuja," alisema. "Yale mambo ya nyumbani... naomba asiyajue."

Mama alitazama chai yake. Nilingoja. Niliyatayarisha maneno ambayo angesema, niliyajua yote: Shabir ndani ya hema, midomo yake, chupa za soda, leso yenye fundo.

"Sitamwambia," mama akasema.

"Mama," nikasema.

"Na wewe Munira hutamwambia."

Mjomba aliufunika uso kwa kiganja. Alipoondoka mama alimfunga skafu shingoni mlangoni, kwa sababu nje kulikuwa na upepo. Boksi la hita halikufunguliwa kamwe. Mama alisema inakula umeme, akampa binti yake Bi Zuwena.

Sijui alimhifadhi nani siku ile. Hata kwenye barua zake kwa baba, nilikuja kujua, hakuwahi kuandika kwamba tulihama. Huenda alimhifadhi baba, aliyekuwa anakuja bila duka wala nyumba, asije akakuta na hili. Huenda alikuwa bado anamfunika Habib. Nilimuuliza alipokuwa mzee, tumeketi sote wawili kwake, nikidhani sasa tumefika umri wa kuambizana. Aliniambia hakumbuki hita yoyote. Alinitazama usoni alipolisema hilo.

Baba alifika asubuhi. Tulisimama kwenye kizuizi cha uwanja wa ndege, sisi, Bi Zuwena, Mjomba Habib na Anti Nargis aliyevaa koti jipya. Baba alikuwa amekonda, na kanzu yake ilionekana chini ya koti la kuazima. Alimkumbatia mama kwa aibu, kama watu walivyokumbatiana mbele za watu zama zile. Alinibeba ingawa nilishapita umri wa kubebwa. Alimtazama Shabir, ambaye hakumjua, na Shabir akajificha. Kisha akanitua, akamwendea Mjomba, akamshika mikono yote miwili, akaibusu.

"Habib," alisema. "Kila nilipolala nilijisemea, wako kwa Habib, wana joto. Umenihifadhia watu wangu. Sina cha kukulipa."

"Shemeji, ni wajibu wangu," Mjomba akajibu.

Alilisema vizuri. Hakutazama chini. Anti Nargis alipangusa jicho. Bi Zuwena aligeuka akaenda kutazama ubao wa ndege.

"Munira," baba akasema, "umemshukuru mjomba wako?"

Nilimtazama mama. Nilifikiri, nikimtazama vya kutosha, atasema neno. Nikahisi mkono wake mgongoni, katikati ya mabega, ukinisukuma kidogo kwenda mbele.

Basi nikaenda, nikasimama mbele ya Mjomba, nikamshukuru kwa Kiingereza, kwa maneno yale yale ninayomshukuru nayo kondakta wa basi. Tangu siku hiyo, mpaka alipokufa, sikumwambia neno la Kiswahili.

Baba alicheka, akasema tazama, mtoto keshakuwa Mzungu. Mjomba naye akacheka. Mama alikuwa ameinama, akimfunga Shabir vifungo vya koti ambavyo vilikuwa vimeshafungwa.